Jana ilijengeka, leo inagoma: mwongozo kamili wa maktaba zilizofungashwa upya kwenye Linux

Umesasisha seva usiku. Asubuhi unaandika `make` kama kawaida, na programu iliyojengeka wiki nzima inakataa. Hujagusa hata mstari mmoja wa msimbo wako. Ukiichunguza maktaba unayoitegemea, nayo karibu haijabadilika: fankisheni ni zilezile, na pengine hata namba ya toleo ni ileile. Kilichobadilika ni namna watunzaji wa Debian, Ubuntu au Fedora walivyoifungasha. Faili moja imegawanywa kuwa mbili, folda imehamishwa, au jina la kifurushi limeongezwa herufi mkiani.

Makosa ya aina hii yanachosha kwa sababu ujumbe unaotokea kwenye skrini hausemi "maktaba imehama". Unasema jambo jingine kabisa, nawe unaanza kuitafuta hitilafu ndani ya msimbo wako usio na kosa. Ninachotaka uondoke nacho hapa ni mpangilio wa kutafuta: kwanza ujue kosa limetokea hatua gani, kisha ujue ni kipande gani kilihama, halafu urekebishe mahali penyewe badala ya kubandika kiraka.

Mifano mingi ni ya Debian na Ubuntu kwa sababu ndizo ninazotumia kila siku. Kwa Fedora nitataja amri pale inapotofautiana sana.

Kabla ya yote: maktaba moja, vipande vitatu

Chukua ncurses, maktaba ya kuchora menyu na madirisha ndani ya terminali. Kwenye Debian 12 haiko kwenye kifurushi kimoja. Kifurushi cha `libncurses6` kina faili yenyewe, `libncurses.so.6.4`, pamoja na kiungo cha `libncurses.so.6` kinachoielekea. Kifurushi cha `libncurses-dev` kina heda (faili zinazoitangazia kompaila fankisheni za maktaba), kama `curses.h`, na faili ya `libncurses.so` isiyo na namba.

Hilo jina lisilo na namba ndilo kiunganishi (`ld`, programu inayouunganisha msimbo uliokompailiwa na maktaba) hulitafuta unapoandika `-lncurses`. Lenye namba ya 6 ndilo programu iliyokwisha kujengwa hulitafuta inapoanza kukimbia, kwa kuwa limeandikwa ndani yake. Ndiyo maana programu inaweza kukimbia vizuri kwenye mashine ambayo huwezi kuijenga, na kinyume chake. Ukitaka kuliona jina hilo lililoandikwa ndani:

```
readelf -d /lib/x86_64-linux-gnu/libncurses.so.6 | grep SONAME
```

Heda, jina la kujengea, jina la kukimbilia. Mabadiliko ya ufungashaji yanaweza kugusa kimoja tu kati ya hivyo na kuviacha vingine salama.

Hatua ya 1: tambua kosa limetokea wakati gani

Soma kosa la kwanza kabisa, si la mwisho. Ukitumia `make -j8`, rudia kwa `make -j1` ili mistari isichanganyikane.

Ukiona `fatal error: curses.h: No such file or directory`, aliyekwama ni kompaila: heda haipo au imehamia folda nyingine. Ukiona `cannot find -lncurses`, aliyekwama ni kiunganishi: jina lisilo na namba halipo, na mara nyingi kifurushi cha `-dev` hakijasanikishwa. Ukiona `undefined reference`, kiunganishi kimeikuta maktaba lakini hakijaikuta fankisheni ndani yake. Na ukiona `error while loading shared libraries`, ujenzi ulishakwisha salama. Tatizo ni la kukimbia.

Kuna pia kosa linalotokea kabla ya hayo yote, pale `apt` inaposema kifurushi hakipo. Nitalifikia.

Hatua ya 2: uliza mfumo ni nini kilihama

Usikisie. Mashine imeandika kila kitu:

```
less /var/log/apt/history.log
grep ' upgrade ' /var/log/dpkg.log | tail -50
```

Kwenye Fedora ni `dnf history` na `dnf history info`. Tafuta vifurushi vinavyoanza na `lib` vilivyoingia, vilivyopanda au vilivyoondolewa kati ya siku programu ilipojengeka na siku ilipogoma.

Ukishapata mshukiwa, kuna maswali matatu ya kumuuliza. `dpkg -L libncurses-dev` inakuonyesha kifurushi kina faili zipi. `dpkg -S libtinfo.so.6` inakuonyesha faili ni ya kifurushi kipi. `apt-file search libtinfo.so` inatafuta hata katika vifurushi ambavyo hujavisanikisha. `apt-file` yenyewe husanikishwa kando, kisha uendeshe `apt-file update`. Kwenye Fedora tumia `dnf provides '*/libtinfo.so*'`.

Hatua ya 3: maktaba iliyogawanywa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Msimbo wa ncurses unaruhusu kujengwa kwa namna mbili. Unaweza kupata maktaba moja yenye kila kitu, au, ukitumia chaguo la `--with-termlib`, fankisheni za chini zinazozungumza na terminali zikatolewa na kuwekwa katika maktaba ya pili, `libtinfo`. Sababu ya kugawa ni nzuri: programu kama bash inahitaji kuijua terminali tu, haihitaji kuchora madirisha, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba mzigo wote. Debian na Fedora waligawa. Mashine nyingine hazikugawa. Msimbo ni uleule, ila fankisheni ya `keypad` iko nyumba tofauti.

Andika programu hii ndogo, uiite `menyu.c`:

```c
#include <curses.h>

int main(void) {
    initscr();
    cbreak();
    keypad(stdscr, TRUE);
    getch();
    endwin();
    return 0;
}
```

Ijenge kwa `gcc menyu.c -o menyu -lncurses`. Pale ambapo maktaba imegawanywa na `libncurses.so` ni kiungo cha kawaida tu, utapata kitu kama hiki:

```
undefined reference to symbol 'keypad'
libtinfo.so.6: error adding symbols: DSO missing from command line
```

Soma mstari wa pili polepole, kwa sababu ujumbe huu una msaada kuliko unavyoonekana. Kiunganishi kinakuambia: "Nimeiona `keypad`, iko ndani ya `libtinfo.so.6`, lakini wewe hukuniambia niitumie maktaba hiyo." Zamani kilikuwa kinaikubali hali hiyo kimyakimya, kwa kufuata maktaba ambazo maktaba zako zinazitegemea. Fedora 13 iliacha tabia hiyo mwaka 2010, na binutils 2.22 ikaufanya ukali huo kuwa kawaida mwaka 2011. Tangu hapo, kila maktaba ambayo msimbo wako unaiita moja kwa moja lazima uitaje mwenyewe.

Sasa jaribu programu hiyohiyo kwenye Debian. Inajengeka bila neno. Kwa nini? Fungua faili:

```
cat /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libncurses.so
```

Utakuta si maktaba hata kidogo. Ni faili ya maandishi yenye mstari mmoja:

```
INPUT(libncurses.so.6 -ltinfo)
```

Watunzaji waliandika skripti ya kiunganishi ili anayeomba `-lncurses` apewe na `libtinfo` pia, bila kujua. Ni wema mkubwa, umeokoa programu nyingi zisivunjike. Lakini unakuficha kosa lako. Ongeza neno moja tu kwenye amri, `-static`:

```
gcc -static menyu.c -o menyu -lncurses
```

Hapo kiunganishi kinaacha faili za `.so` na kuchukua `libncurses.a` (maktaba inayomezwa nzima ndani ya programu), ile skripti haisomwi, na ghafla unapata `undefined reference` kwa `keypad`, `cbreak` na wenzao. Nilipoteza siku mbili kwa jambo hili nikijenga kifaa kidogo cha uokoaji wa diski. Nilipekua msimbo wangu wote na kubadilisha kompaila, na muda wote jibu lilikuwa ndani ya faili ya mstari mmoja ambayo sikuwahi kufikiria kuifungua. Ndiyo maana nasema: ukiona `.so` inakutatiza, kwanza endesha `file` juu yake ujue kama ni maktaba, kiungo au maandishi.

Kujua fankisheni iko nyumba gani:

```
nm -D --defined-only /lib/x86_64-linux-gnu/libtinfo.so.6 | grep -w keypad
```

Tiba ya haraka ni kuongeza `-ltinfo`. Lakini ukiiandika hivyo ndani ya Makefile, umeuhamishia ugonjwa kwa mwenye mashine ambayo haikugawa, kwa sababu yeye hana `libtinfo` kabisa. Tiba yenyewe ni kuiuliza mashine husika kwa `pkg-config`, chombo kinachojibu maktaba fulani inajengewa kwa vigezo gani:

```
gcc menyu.c -o menyu $(pkg-config --cflags --libs ncurses)
```

Kwenye Debian jibu linakuja na `-lncurses -ltinfo`. Kwenye mashine isiyogawa linakuja na `-lncurses` peke yake. Kwa ujenzi wa `-static` ongeza `--static` kwenye `pkg-config`. Ndani ya CMake, chombo cha kuandaa ujenzi:

```
find_package(PkgConfig REQUIRED)
pkg_check_modules(NCURSES REQUIRED IMPORTED_TARGET ncurses)
target_link_libraries(menyu PRIVATE PkgConfig::NCURSES)
```

Kwenye Meson, chombo kingine cha aina hiyo, ni `dependency('ncurses')`, basi. Msimbo wa Linux wenyewe unafuata njia hii: skripti inayotayarisha `make menuconfig` (menyu ya kuchagua mipangilio ya kernel) inaiuliza `pkg-config` kwanza kuhusu ncurses kabla ya kuanza kutafuta heda kwenye folda.

Angalia pia mpangilio wa amri. Ubuntu tangu 11.10 inamwambia kiunganishi aziache maktaba ambazo hazijahitajika hadi pale alipofika. Kwa hiyo `gcc -lncurses menyu.c` inashindwa na `gcc menyu.c -lncurses` inafaulu. Maktaba ziwe mwisho, sikuzote.

Hatua ya 4: futa kumbukumbu za ujenzi wa zamani

Ujumbe kama huu unawatia watu kiwewe bure:

```
No rule to make target '/usr/lib/libz.so', needed by ...
```

Ni CMake inayokumbuka njia ya zamani iliyoandikwa ndani ya `CMakeCache.txt`. Futa folda yote ya ujenzi uanze upya. Kuhariri faili hiyo kwa mkono hakufai. Ndugu yake ni `can't read /usr/lib/libfoo.la`, unaotoka kwa libtool, chombo cha zamani cha kujengea maktaba. Faili za `.la` huandika ndani yake njia za maktaba nyingine, na mtunzaji akiondoa moja, zote zilizoitaja zinabaki zikimwita marehemu. Tafuta anayeitaja kwa `grep -l libfoo.la /usr/lib/*.la /usr/local/lib/*.la`, kisha uijenge upya maktaba hiyo. Mara nyingi utaikuta `/usr/local`, ni kitu ulichokijenga mwenyewe zamani ukasahau.

Hatua ya 5: ogopa ujenzi uliofaulu

Kuna aina moja ya uvunjikaji ambayo naiona mbaya kuliko zote, nayo ni ile isiyotoa kosa.

Ubuntu 11.04, mwaka 2011, ilianza kuhamisha maktaba kutoka `/usr/lib` kwenda folda zenye jina la aina ya prosesa, kama `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, ili maktaba za biti 32 na 64 ziweze kukaa pamoja. Debian ilifuata katika toleo la 7, mwaka 2013. Wakati huo watu wa Python walitumia PIL kushughulikia picha, na skripti yake ya ujenzi ilikuwa inaitafuta libjpeg katika folda za kawaida, `/usr/lib` ikiwemo. Haikuikuta. Badala ya kusimama, iliendelea, ikajenga PIL isiyojua JPEG, ikamaliza kwa amani. Mtu alikuja kugundua siku mtumiaji wake wa kwanza alipopakia picha, na seva ikajibu `decoder jpeg not available`.

Wengi walijitibu kwa kuweka kiungo kutoka folda mpya kwenda `/usr/lib`. Iliwasaidia siku hiyo. Tiba ya kudumu ilitoka kwa Pillow, mradi uliorithi PIL: skripti ikafundishwa kutafuta kwenye folda mpya, na tangu toleo la 3.0.0 la mwaka 2015, zlib na libjpeg zikawa za lazima. Zikikosekana, ujenzi unasimama.

Kwa hiyo baada ya kusasisha mfumo, usome ule muhtasari ambao `configure` au CMake inauchapisha mwishoni, hata kama kila kitu kimefaulu. Linganisha na wa zamani kwa `diff`. Na katika miradi yako, kila maktaba usiyoweza kuishi bila yake iandikie `REQUIRED`. Ukiwa na skripti yenye mstari kama `[ -f /usr/lib/libjpeg.so ]`, ifute leo.

Hatua ya 6: programu imejengeka lakini haikimbii

```
error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file
```

Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche) na kuiacha 1.1. Kila programu iliyojengwa kwa ile ya zamani ikabaki inatafuta `libssl.so.1.1` isiyokuwepo. `ldd ./programu` itakuonyesha neno `not found` mbele ya kilichokosekana; ukitaka kuona kila folda iliyopekuliwa, tumia `LD_DEBUG=libs ./programu`. Tahadhari moja: usiendeshe `ldd` juu ya programu usiyoiamini, kwa kuwa inaweza kuikimbiza. Tumia `readelf -d` badala yake.

Sasa, ushauri utakaousikia kila mahali ni kuweka kiungo kiitwacho `libssl.so.1.1` kikielekea `libssl.so.3`. Usifanye hivyo. Namba ile haikuwekwa kwa urembo. Inasema maumbile ya ndani yamebadilika. Kwa OpenSSL una bahati, maana kipakiaji (kinachozivuta maktaba programu inapoanza) kitakukatalia papo hapo kwa `version 'OPENSSL_1_1_0' not found`. Kuna maktaba nyingine zisizo na ulinzi huo, na hapo programu itaanza vizuri, isome kumbukumbu kwa mpangilio usio wake, ianguke wiki ijayo au iharibu data bila kukuambia. Mbaya zaidi, kiungo hicho hakimilikiwi na kifurushi chochote, kwa hiyo atakayeirithi seva hatajua kilitoka wapi.

Jenga upya kutoka kwenye msimbo ukiwa na `libssl-dev` mpya. Kama una faili tayari tu na aliyeitengeneza hajatoa toleo jipya, iendeshe ndani ya kontena ya mfumo wa zamani ili isichanganyike na mashine nzima, huku ukijua kuwa OpenSSL 1.1.1 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama Septemba 2023.

Hatua ya 7: kifurushi kimebadilishwa jina tu

Ubuntu 24.04 ilivunja skripti nyingi za kontena kwa mstari huu:

```
E: Package 'libasound2' has no installation candidate
```

Debian na Ubuntu walikuwa wanajiandaa kwa tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo saa ya biti 32 itajaa. Kwenye prosesa za ARM za biti 32 walipanua `time_t`, aina ya data inayobeba saa, na vifurushi vya maktaba zilizoguswa vikapewa mkia wa `t64`: `libasound2t64`, `libssl3t64`. Jina likabadilika hata kwenye mashine za biti 64, ambako ndani hakuna kilichobadilika; faili bado ni `libasound.so.2`. Vifurushi vipya vinajitangaza kwa jina la zamani pia, lakini kwa `libasound2` kuna kifurushi kingine kinachojitangaza vilevile, na `apt` haikubali kukuchagulia. Andika jina jipya. Na kama unajenga, usiorodheshe vifurushi vya kukimbilia hata kidogo. Omba `libasound2-dev`, jina ambalo halikuguswa, nacho kitavuta kinachostahili.

Kama anayefungasha ni wewe

Ukihamisha faili kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine, kipya kiandikie `Breaks` na `Replaces` dhidi ya matoleo ya zamani ya kile cha kwanza. Ukisahau, `dpkg` itasimama katikati ya usasishaji wa watu kwa `trying to overwrite`, na mashine itabaki nusu. Ukibadilisha jina, acha kifurushi tupu cha mpito chenye jina la zamani. `libncurses5-dev` ilifanywa hivyo ilipopisha `libncurses-dev`. Ukigawa maktaba, sahihisha faili ya `.pc` (ile inayosomwa na `pkg-config`) siku hiyohiyo, kwa sababu wale wanaouliza kwa `pkg-config` hawatahisi kitu, na waandikie wengine skripti ya kiunganishi kama ile ya ncurses.

Kisha ujue nani anakutegemea. `build-rdeps`, iliyo ndani ya devscripts, inakupa orodha ya wanaojenga kwa kifurushi chako. Chagua kadhaa uwajenge upya kabla ya kutoa. `abidiff` inalinganisha `.so` ya zamani na mpya na kukuonyesha fankisheni iliyotoweka.

Na kama wewe ndiye uliyevunjiwa, ripoti. Mtunzaji wa upande wa pili hana njia ya kujua kuhusu mradi wako. Mpelekee namba ya kifurushi kabla na baada, amri kamili ya kiunganishi iliyoshindwa (kwa `make V=1` au `VERBOSE=1` utaiona), na mfano mfupi wa mistari kumi kama `menyu.c` unaovunjika vilevile. Jaribu mfano huo kwanza ndani ya kontena safi, `debian:12-slim` ikikutosha kama bando ni la kuhesabu, ili uwe na hakika kuwa kilichovunjika si kitu kilichobaki kwenye `/usr/local` yako.